Samora, Mkwawa na bakuli la uji: Somo la mzazi kutoka uwanja wa Iringa

Watoto wana maswali ambayo wazazi hawakujiandaa kuyajibu. Mtoto wa miaka minane akipita na baba yake nje ya uwanja mkubwa wa mpira mjini Iringa, akasikia watu wakiutaja kwa jina, hatakosa kuuliza: “Baba, Samora ni nani?”

Baba wengi watajibu haraka kuwa alikuwa Rais wa Msumbiji, rafiki wa Mwalimu Nyerere, halafu mazungumzo yatahamia kwenye mechi.

Jibu hilo ni la kweli, lakini limeacha sehemu ambayo mzazi angependa mtoto wake aijue. Kabla ya kushika bunduki na kabla ya kuitwa Rais, Samora Machel alikuwa muuguzi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa wodini, kuhudumia wagonjwa.

Mtoto akiendelea kuuliza, na wengi huendelea, atataka kujua pia Lipuli ni nini. Hiyo ndiyo klabu iliyoufanya Uwanja wa Samora kuwa nyumbani kwake na kuufanya utajwe nchi nzima miaka michache iliyopita. Hapo mzazi itabidi amtoe mjini na kumpeleka Kalenga, kijiji cha kandokando ya Mto Ruaha Mdogo, umbali wa takriban kilomita 15 kutoka Iringa mjini, kwa Mtwa Mkwawa.

Majina hayo mawili, la uwanja na la klabu, yanakumbusha watu waliopigania nchi zao. Leo mkoa ulioyahifadhi una pambano jingine, na linachezwa majumbani. Iringa, mkoa unaolisha mikoa mingine, ndio uliokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha watoto wenye udumavu nchini katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022.

Muuguzi aliyepewa uwanja

Samora Moises Machel alizaliwa Septemba 29, 1933 katika kijiji cha Chilembene, Jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima. Wakati huo Msumbiji ilikuwa chini ya Wareno, na kijana Mwafrika aliyetaka kusoma zaidi alikuwa na milango michache sana ya kupita. Uuguzi ulikuwa mmojawapo.

Alisomea kazi hiyo katika hospitali kubwa ya Lourenço Marques, jiji ambalo leo linaitwa Maputo, na baadaye akaifanya. Huko aliona kwa macho yake kuwa wauguzi weusi walilipwa chini ya wenzao weupe kwa kazi ileile, na kuwa mgonjwa maskini hakupata huduma sawa na tajiri. Wanaosimulia maisha yake husema siasa yake ilianzia kwenye hizo wodi.

Mwaka 1963 aliiacha nchi yake akaja Dar es Salaam kujiunga na FRELIMO, chama cha ukombozi kilichokuwa kimeundwa mwaka mmoja kabla katika jiji hilohilo. Alipata mafunzo ya kijeshi Algeria, akapanda hadi kuwa kiongozi wa jeshi la chama. Mwenyekiti wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu jijini Dar es Salaam Februari 3, 1969, na mwaka uliofuata Samora akachukua uongozi. Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru, naye akawa Rais wake wa kwanza.

Mwezi mmoja tu baada ya uhuru, Julai 1975, serikali yake ilitaifisha huduma za afya. Mwaka uliofuata ikaanza kampeni ya chanjo iliyozunguka nchi nzima. Kwa mtu aliyeanza maisha yake ya kazi kwenye wodi, haikuwa ajabu kwamba afya iliwekwa mbele namna hiyo.

Pembeni yake kulikuwa na Josina Machel, mpiganaji na mke wake, aliyeshiriki kuanzisha vituo vya kulea watoto walioachwa yatima na vita vya ukombozi. Josina alifariki jijini Dar es Salaam Aprili 7, 1971 akiwa na miaka 25 tu, akaacha mtoto mdogo. Hadi leo Aprili 7 ni Siku ya Wanawake wa Msumbiji.

Samora mwenyewe alikufa Oktoba 19, 1986, pale ndege iliyokuwa ikimrudisha nyumbani kutoka Zambia ilipoanguka Mbuzini, Afrika Kusini.

Jina lake si la peke yake kwenye viwanja vya kusini mwa Tanzania. Songea kuna Uwanja wa Majimaji, unaokumbusha vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Sumbawanga kuna Nelson Mandela. Mbeya kuna Sokoine, nyumbani kwa Mbeya City na Tanzania Prisons, wenye jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984. Mzazi anayesafiri na watoto kwenda kutazama mpira katika ukanda huu ana kitabu kizima cha historia barabarani.

Jina lililotoka Kalenga

Lipuli ni jina la zamani kuliko mpira wenyewe katika nchi hii. Linarudi kwenye makao ya Wahehe pale Kalenga, ambako Mtwa Mkwawa alijenga ngome yenye ukuta mrefu. Hata jina la Iringa linatokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome.

Mkwawa alirithi uongozi baada ya baba yake, Munyigumba, kufariki mwaka 1879. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, wapiganaji wake walikivamia na kukisambaratisha kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye naye aliuawa siku hiyo. Habari hizo ziliishtua Ujerumani. Jina la Lugalo lilibaki, na ndilo ambalo baadaye lilipewa kambi na hospitali ya jeshi jijini Dar es Salaam.

Wajerumani walirudi wakiwa wamejiandaa. Mwishoni mwa Oktoba 1894 waliishambulia ngome ya Kalenga kwa mizinga na kuiteka. Mkwawa aliponyoka. Kwa karibu miaka minne aliwasumbua akiwa msituni, na njia mojawapo waliyoitumia kumdhoofisha ilikuwa chakula. Vijiji vilichomwa na akiba za nafaka kuharibiwa ili wananchi wasiweze kumlisha. Familia nyingi zilijua njaa katika miaka hiyo. Julai 19, 1898, akiwa amezingirwa pale Mlambalasi, alijiua kwa risasi badala ya kukamatwa.

Kichwa chake kilikatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, uliitaka Ujerumani ilirudishe, kifungu cha 246. Ilichukua zaidi ya miaka 30. Mwaka 1954 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilikabidhi pale Kalenga kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Watanzania wengi wa umri mkubwa wanamkumbuka Adam Sapi kama Spika wa Bunge kwa miaka mingi, kuanzia 1962.

Fuvu hilo limehifadhiwa kwenye makumbusho ndogo ya Kalenga, mahali ambapo watoto wa shule hufika kwa mabasi, huingia wakipiga kelele na hunyamaza wanapoliona.

Kwa hiyo mtoto anayevaa jezi ya Lipuli kavaa kifuani jina la ukoo wa habari hiyo yote, hata kama kwake ni timu tu.

Miaka ambayo Samora ilijaa

Lipuli, ambao mashabiki huwaita Wanapaluhengo, walikaa muda mrefu nje ya Ligi Kuu kabla ya kupanda mwaka 2017, pamoja na Singida United na Njombe Mji. Msimu wa 2017/18 waliuanza jijini Dar es Salaam dhidi ya Yanga, wakatoka sare ya 1-1. Iringa ikaanza kuamini.

Wachezaji waliopita pale walionekana mapema. Beki Mghana Asante Kwasi alitoka Lipuli kwenda Simba, na mshambuliaji Adam Salamba naye akafuata njia hiyohiyo mwaka 2018. Benchi la ufundi lilikuwa na Selemani Matola, aliyewahi kuwa nahodha wa Simba, ambaye baadaye alirudi Msimbazi kuwa kocha msaidizi.

Mwaka 2019 ndio wenye kumbukumbu. Machi mwaka huo Yanga ilifika Samora kwenye ligi ikafungwa 1-0. Mei ikarudi tena, safari hii kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Paul Nonga, ambaye naye aliwahi kuichezea Yanga, alifunga, na Daruwesh Saliboko akafunga. Matokeo yakawa 2-0. Klabu ndogo ya mkoani ikaingia fainali mbele ya watu wake.

Fainali ilichezwa Juni 1, 2019 kwenye Uwanja wa Ilulu, Lindi. Azam FC ilishinda 1-0 kwa bao la Obrey Chirwa. Lipuli ikarudi nyumbani bila kombe, na ndivyo ilivyokosa pia nafasi ya kuiwakilisha nchi Afrika ambayo hupewa bingwa wa kombe hilo.

Msimu uliofuata, ule uliokatizwa na corona na kumalizika Julai 2020, Lipuli ilishuka daraja. Ndani ya miaka mitatu watoto wa Iringa waliona timu yao ikipanda, ikafika fainali na ikashuka.

Kwa mzazi, hapo kuna swali zaidi ya la mpira. Timu ya mkoa hupanda kwa wachezaji, na wachezaji wengi hukusanywa kutoka kila kona ya nchi. Je, wale wanaozaliwa Iringa, Kilolo na Mufindi wanafika uwanjani wakiwa na mwili na akili vilivyojengwa kikamilifu?

Hewa ya mlima

Mashabiki wa Iringa hupenda kusema kuwa hali ya hewa ni mchezaji wao wa kumi na mbili. Wana hoja.

Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika urefu huo mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko Dar es Salaam au Tanga, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu, kwa takriban asilimia 15 hivi. Mchezaji aliyetoka pwani jana anahema mapema. Anayeishi pale mwili wake umeshazoea, ukiwa umeongeza chembechembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni.

Chembe hizo hazitengenezwi kwa hewa tu. Zinahitaji madini ya chuma, foliki asidi na protini. Mtoto mwenye upungufu wa damu anaishi kwenye mlima uleule lakini hapati faida hiyo. Huchoka haraka, husinzia darasani na hubaki pembeni wenzake wanapokimbizana. Mara nyingi nyumbani huitwa mvivu.

Takwimu inayouma

Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana udumavu. Iringa ilikuwa asilimia 56.9, ikifuatiwa na Njombe kwa 50.4 na Rukwa kwa 49.8.

Maana yake ni kwamba, kwa wastani wa mkoa, ukiwapanga watoto wadogo kumi kwenye mstari wa katikati wa Uwanja wa Samora, zaidi ya watano ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao.

Udumavu si ufupi wa kurithi. Kuna familia za watu wafupi wenye afya njema, na dunia imewaona wanasoka wafupi waliotikisa viwanja. Udumavu ni mwili kushindwa kufikia kimo chake kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara katika kipindi cha kukua. Kimo ni alama tu inayoonekana nje. Ndani, ubongo nao ulikuwa unajengwa wakati huohuo, ndiyo maana udumavu huenda pamoja na ugumu wa kujifunza na kipato kidogo ukubwani.

Kinachowachanganya wazazi ni kwamba mtoto mwenye udumavu mara nyingi haonekani mgonjwa. Anacheza, ana mashavu, anacheka. Na kwa kuwa watoto wa jirani nao wako kimo hichohicho, hakuna anayeshtuka.

Lakini iweje mkoa wa mahindi, viazi, maharage, maziwa na mbogamboga uongoze? Wataalamu wa lishe hutaja mambo yanayoshikana. Mama hubeba kazi nzito za shamba akiwa mjamzito na akiwa ananyonyesha. Mtoto huachwa nyumbani na dada au kaka yake mdogo, akilishwa uji mwepesi wa mahindi matupu mara moja au mbili kwa siku. Chakula kizuri huvunwa, kikauzwa. Kuhara na minyoo humaliza kile kidogo kilichoingia.

Mkoa huohuo ambao Wajerumani waliunyima chakula kwa makusudi, leo una chakula shambani na sokoni. Safari iliyobaki ni kutoka shambani hadi kwenye bakuli la mtoto.

Siku 1,000 za kwanza

Makocha wa watoto hupenda kupokea vijana wa miaka kumi au kumi na mbili. Kazi kubwa inakuwa imeshafanyika zamani. Sehemu kubwa ya udumavu hutokea katika siku 1,000 za kwanza, kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Baada ya hapo kurudisha kilichopotea ni vigumu.

Mimba ikigundulika, mama aanze kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi anavyopewa avimeze kama alivyoelekezwa, hata kama vinamletea kichefuchefu. Anaweza kuvimeza usiku baada ya chakula. Aongezewe mlo na apunguziwe mizigo. Kuni na maji ni kazi ambayo baba anaweza kuibeba kwa miezi hiyo bila kupungukiwa heshima.

Mtoto akizaliwa, anyonyeshwe ndani ya saa moja, kisha maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Hata maji hayahitajiki.

Miezi sita ikitimia, chakula cha nyongeza kianze huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kuanzia miezi sita hadi minane apate mlo mara mbili hadi tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu hadi nne, pamoja na asusa kama ndizi au parachichi.

Uji uwe mzito, usiomwagika ukigeuza kijiko. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi sita hadi 23 apate kila siku angalau makundi matano kati ya manane: maziwa ya mama; nafaka na viazi; maharage, karanga na mbegu; maziwa; nyama, samaki au kuku; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A; na mboga na matunda mengine.

Kwa nyumba ya Iringa hilo halihitaji duka kubwa. Viazi vilivyopondwa na maharage yaliyochujwa maganda, kijiko cha mafuta ya alizeti, majani ya maboga yaliyokatwa laini, kipande cha parachichi, na mtoto akiwa bado ananyonya, tayari ni makundi matano. Dagaa waliosagwa wanaweza kuchanganywa kwenye uji. Yai moja linalotagwa na kuku wa nyumbani lianze kwa mtoto kabla halijaenda gengeni.

Ulanzi nao utajwe, maana msimu wa mvua huwa mwingi. Hata ule mtamu uliogemwa leo huanza kuchacha haraka. Si kinywaji cha mtoto, na haumfanyi alale vizuri. Unamlewesha na kujaza nafasi ya chakula.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumlisha na baada ya choo, maji ya kunywa yachemshwe, na matone ya vitamini A na dawa za minyoo zisikosekane pale zinapotolewa mara mbili kwa mwaka. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika mitaani na vijijini, ni mahali pazuri pa kumpima mtoto bila kusafiri.

Kama mtoto ameshavuka miaka miwili na ni mfupi kwa umri wake, mzazi asijilaumu wala asimwite mtoto majina. Chakula bora, chanjo, matibabu ya minyoo na malezi yenye mazungumzo na michezo bado humsaidia. Udumavu pia haumfungii mtoto mlango wa uwanja.

Mpira wenyewe ni dawa

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka mitano hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazouchangamsha mwili na kuufanya moyo uende mbio. Wa miaka mitatu na minne wanahitaji kuwa kwenye mwendo kwa jumla ya dakika 180, kidogo kidogo kutwa nzima.

Mpira wa makaratasi au wa matambara unatosha. Kukimbia na kuruka huimarisha mifupa, moyo na mapafu, humpa mtoto usingizi mzuri na humfundisha kushindwa bila kupigana. Kutazama mechi kwenye simu hakuhesabiki, hata kama ni ya Lipuli. Wasichana nao wanahitaji dakika zilezile 60. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari zina michezo yao, lakini wengi huzuiwa na kazi za nyumbani zinazoanza mara tu kengele ya shule inapogonga.

Dalili chache hazipaswi kupuuzwa. Mtoto anayezimia akikimbia, anayelalamika maumivu ya kifua, au ambaye ndugu yake wa damu alifariki ghafla akiwa kijana, aonwe na daktari kabla ya kuendelea na mazoezi makali. Mwenye selimundu anaweza kucheza kwa kiasi, lakini anywe maji mara kwa mara, apumzike akichoka na akingwe na baridi, jambo ambalo Iringa ya Juni na Julai halina mzaha. Aliyegongwa kichwa akatapika au akachanganyikiwa asirudishwe uwanjani siku hiyo. Apelekwe hospitali.

Safari ya siku moja

Familia inayotaka kumjibu mtoto yule wa miaka minane inaweza kufanya hivyo kwa siku moja. Asubuhi Kalenga, makumbusho ya Mkwawa, kisha kutembea kidogo nje na kuwaonyesha watoto mahali palipokuwa na ngome. Mchana mlo wa pamoja, halafu jioni Samora, kama kuna mechi.

Wabebe masweta hata jua likiwaka, kwa kuwa baridi huingia ghafla jua likishuka. Wabebe maji na matunda kutoka nyumbani, na mtoto awe na namba ya simu ya mzazi mfukoni. Wakae karibu na njia ya kutokea na wasubiri umati upungue kabla ya kutoka. Wanaotoka pwani na watoto wasishangae wakihema haraka siku ya kwanza.

Njiani mzazi atakuwa na mambo ya kusimulia: mtu aliyekataa kutawaliwa, fuvu lililosafiri zaidi ya nusu karne likarudi nyumbani, muuguzi aliyekuwa Rais, na timu iliyoifunga Yanga mara mbili ndani ya miezi miwili halafu ikashuka.

Na Jumatatu, kazi ya muuguzi iendelee. Baba wengi wanaijua nafasi ya timu yao kwenye msimamo wa ligi bila kutazama popote. Wachache wanajua mtoto wao yuko wapi kwenye mistari ya kadi ya kliniki. Zamu ijayo aende na mama, na baada ya mtoto kupimwa uzito, aulize swali moja: “Na urefu wake je?”